Mfanyabiashara wa Mbao Aliyeingia Bungeni

Philemon Wright alizaliwa Woburn, Massachusetts, mwaka 1760. Mwaka 1800 alihamia Kanada na familia chache, wakafyeka msitu kando ya mto Ottawa. Waalgonkini, wenyeji wa pale, walimwuliza kwa ruhusa ya nani anakata miti yao; akataja serikali. Swali lao lilikuwa la haki.

Fedha zilipomwishia, mwaka 1806 alifunga magogo yakawa chelezo, akayateremsha mpaka Quebec kuyauza. Aliambiwa maporomoko hayapitiki. Pale Long Sault walikwama siku 36. Baadaye, kwa kuzoea, walipita kwa siku moja tu. Biashara ikashamiri.

Mwaka 1830 alichaguliwa mbunge, akiwa na miaka 70, umri ambao sisi walimu tumekwisha kustaafu! Alitumika hadi 1834, akafariki 1839.