Fundi wa Madirisha

Mwaka jana nililazwa hospitalini, kifua kikinibana kweli kweli. Wadi ilikuwa ndefu, yenye madirisha makubwa pande zote mbili, na yote wazi! Usiku nilimsihi muuguzi ayafunge. Alikataa katakata, akaniongezea blanketi. Nilimnunia hadi asubuhi.

Nilipopona, nilikwenda maktabani kuchunguza jambo hilo. Huko ndiko nilikokutana na Henry Currey.

Currey alizaliwa mwaka 1820 na akajifunza usanifu wa majengo kwa Decimus Burton wa London. Mwaka 1847 akawa msanifu wa hospitali kongwe ya St Thomas'. Mwaka 1862 hospitali hiyo ililazimika kuhama ili kupisha reli. Basi mzigo wa kujenga mpya ukamwangukia yeye. Malkia Victoria aliweka jiwe la msingi mwaka 1868, akaifungua mwaka 1871, kando ya mto Thames, mkabala na Bunge.

Currey hakujenga jumba moja. Alijenga majengo saba yaliyoachana, yakaungwa na ujia mrefu, ili upepo upite kati yake na jua liingie wadini. Mpango huo haukuwa wake peke yake. Florence Nightingale, ambaye shule yake ya wauguzi ilianza St Thomas' mwaka 1860, aliupigania sana.

Ajabu ni kwamba wakati huo wengi waliamini magonjwa huletwa na harufu mbaya. Walikosea. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kwamba kifua kikuu huletwa na bakteria. Lakini leo twajua kwamba bakteria hao huenea hewani, na dirisha lililo wazi huwapunguza. Sababu waliyoitoa haikuwa sahihi, lakini dirisha lilikuwa sahihi!

Currey alifariki mwaka 1900. Mabomu ya Vita Vikuu vya Pili yalibomoa baadhi ya majengo yake, ila mengine yangali yamesimama.

Wenzangu, wengi wetu twaota udaktari tu. Kumbe hata mwenye rula na penseli aweza kuwafaa wagonjwa asiowajua. Nami muuguzi yule namwomba radhi. Na usiku wa leo bwenini, mkisikia mtu akifungua dirisha, msimzomee. Huenda ni mimi.