H.G. Wells: Mtunzi aliyetabiri bomu la atomiki, dunia isimsikie

Bomu la atomiki lilipoangushwa katika mji wa Hiroshima, Japani, mnamo Agosti 6, 1945, walimwengu wengi walikuwa hawajapata kulisikia jina la silaha hiyo. Hata hivyo, jijini London alikuwepo mzee mmoja mgonjwa, mwenye umri wa miaka 78, aliyekuwa amelitaja jina hilo katika riwaya yake miaka 31 kabla ya siku hiyo. Mzee huyo alikuwa Herbert George Wells.

Wells alizaliwa Septemba 21, 1866, mjini Bromley, karibu na London. Babake, Joseph, alikuwa na duka la vyombo vya kaure lisilokuwa na faida ya kutajika, na alijazia riziki kwa kucheza kriketi ya kulipwa. Mamake, Sarah, aliwahi kuwa mtumishi katika nyumba za matajiri.

Mnamo 1874 mtoto huyo alivunjika mguu, na siku alizolala kitandani ndizo zilizomtia mapenzi ya vitabu. Miaka 3 baadaye baba naye alivunjika mguu, kriketi ikakoma na umaskini ukazidi. Mama alilazimika kurudia utumishi, naye kijana akapelekwa kuwa mwanagenzi katika duka la vitambaa huko Southsea. Aliichukia kazi hiyo kwa moyo wake wote. Aliiacha mwaka 1883, akawa mwalimu msaidizi, na mwaka uliofuata akapata ufadhili wa kusomea sayansi jijini London.

Huko alifundishwa na Thomas Henry Huxley, mtetezi mkuu wa nadharia ya Charles Darwin. Kwake Wells alijifunza jambo lililotawala maandishi yake yote: kwamba viumbe hubadilika na hata kutoweka, na kwamba binadamu hana hakikisho lolote la kudumu.

Riwaya yake ya kwanza, The Time Machine, ilitoka mwaka 1895. Ndani yake msafiri anafika mwaka wa 802,701 na kukuta binadamu wamegawanyika makundi mawili: wazembe wanaostarehe juu ya ardhi, na wafanyakazi waliogeuka viumbe wa gizani, wanaowala wale wa juu. Mwana huyo wa mtumishi aliyajua vyema maisha ya wanaoishi chini ili wengine wastarehe juu.

Baadaye zilifuata The Invisible Man mwaka 1897 na The War of the Worlds mwaka 1898, kisa cha viumbe wa sayari ya Mihiri wanaoivamia Uingereza. Mwaka 1903 alisimulia magari ya chuma yanayopigana nchi kavu. Vifaru vya kwanza viliingia vitani Ufaransa mwaka 1916. Mwaka 1908 alibuni vita ambapo mji wa New York unashambuliwa kutoka angani.

Si kwamba hakukosea. Katika kitabu chake Anticipations cha mwaka 1901 alizidharau nyambizi, akiamini zingewaua mabaharia wake tu, na akakisia kwamba ndege ingefaulu kuruka pengine kabla ya 1950. Ndugu wawili wa ukoo wa Wright waliruka mwaka 1903. Baya zaidi, katika kitabu hicho hicho aliandika kwamba watu wasio weupe ambao hawangeweza kwenda na kasi ya dunia mpya wangepaswa kutoweka. Aliyeona mbali katika mambo ya mitambo alikuwa kipofu mbele ya utu wa wenzake.

Riwaya iliyomweka katika historia ya sayansi ni The World Set Free, ya mwaka 1914. Akitegemea kitabu cha mwanakemia Frederick Soddy kuhusu madini ya radiamu, Wells alibuni mabomu ya atomiki yanayoangushwa kwa mkono kutoka kwenye ndege na kuteketeza miji kwa siku nyingi. Katika kisa hicho, mataifa yanazinduka baada ya maafa na kuunda serikali moja ya dunia. Shabaha yake ilikuwa kuonya.

Mwaka 1932, mwanafizikia Leo Szilard, mzaliwa wa Hungaria, aliisoma riwaya hiyo akiwa Berlin. Mwaka uliofuata aliwakimbia Wanazi, akahamia London. Huko ndiko alikong'amua kwamba chembe moja ya nyutroni ikiweza kutoa nyutroni mbili kutoka kwenye kiini cha atomu, nazo zikatoa nne, nguvu kubwa mno ingefunguliwa. Kwa kuwa alikuwa amemsoma Wells, alijua hatari yake. Hataza aliyoiomba mwaka 1934 aliikabidhi jeshi la majini la Uingereza ili iwe siri.

Lakini hofu ile ile ikamsukuma upande wa pili. Akichelea Ujerumani isitangulie, mwaka 1939 alishirikiana na Albert Einstein kumwandikia Rais Roosevelt wa Marekani barua ya tahadhari. Julai 1945, Szilard alikusanya saini za wanasayansi wenzake kupinga bomu kutumiwa dhidi ya Japani. Ombi lao halikufua dafu. Onyo la Wells lilikuwa limegeuka njia ya kulifikia lile alilolihofia.

Katika miaka yake ya mwisho, Wells alipigania mkataba wa haki za binadamu, akishiriki katika kuandaa azimio lililochapishwa mwaka 1940. Mwaka 1941, katika dibaji ya toleo jipya la riwaya yake ya vita vya angani, alipendekeza maneno ya kuandikwa kaburini mwake: ya kuwakumbusha wapumbavu kwamba alikuwa amewaambia.

Alifariki Agosti 13, 1946, mwaka mmoja na siku 7 baada ya Hiroshima. Maneno yale hayakupata pa kuandikwa, kwani mwili wake ulichomwa na majivu yakatawanywa baharini.