Askofu Steere na Kanisa la Mkunazini

Siku za karibuni tumesikia ikisemwa hapa Getanuwas kwamba mahali palipotendeka maovu hapafai kujengwa nyumba ya Mungu. Waliosema hivyo ni watu wazima, nasi hatuwadharau. Lakini ndipo tulipomkumbuka Askofu Edward Steere, tukaona tuwasimulie habari zake.

Sisi tuliosomea ualimu tulilijua jina lake kwa ajili ya lugha. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, na Kiunguja hicho ndicho kilichofanywa baadaye msingi wa Kiswahili Sanifu. Hayo tuliyakariri chuoni. Habari za jengo lake hatukufundishwa.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria kabla ya kupewa ukasisi. Alikuja Afrika pamoja na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, nao wakafika Unguja mwaka 1864. Siku zile watu waliuzwa hadharani pale Mkunazini, wanaume, wanawake na watoto, wengi wao wakiwa wametolewa bara, pande za Ziwa Nyasa. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko hayo. (Utumwa wenyewe haukufutwa Unguja mpaka mwaka 1897.) Kiwanja kikaja mikononi mwa misheni, na siku ya Krismasi mwaka huo huo wa 1873 jiwe la msingi likawekwa. Husimuliwa kwamba altare ilijengwa pale pale paliposimama mti wa kuwachapia watumwa viboko.

Sasa tazameni umbo la kanisa lile. Ni basilika, yaani ukumbi mrefu wenye kuta mbili zinazokwenda sambamba, na mwisho wake ukuta wa nusu duara. Umbo hilo ni la Warumi wa kale, nao hawakulibuni kwa ajili ya ibada. Basilika yao ilikuwa nyumba ya mambo ya mjini: wafanyabiashara walikutana humo wakapatana bei, na hakimu akaketi humo akakata kesi. Hekalu la kipagani lilikuwa nyumba ya sanamu, na watu walikusanyika nje yake. Basi Wakristo walipopewa uhuru wa kuabudu mwaka 313, wakahitaji nyumba ambayo watu wenyewe wataingia, hawakuiga hekalu. Waliiga nyumba ile ya biashara na hukumu, na pale alipoketi hakimu wakaweka kiti cha askofu. Sisi twaona ajabu kwamba mwanasheria huyu alisimamisha umbo la namna hiyo juu ya soko la binadamu.

Paa ndilo lililowatia watu hofu. Tembe za wazee wetu Wairaqw zina paa bapa la udongo, nalo hubebwa na nguzo na miti. Paa la Mkunazini halina nguzo katikati wala boriti. Ni zege la mawe ya matumbawe na saruji, limepindwa kama nusu ya pipa, na uzito wake wote hushuka kwenye kuta za pande mbili. Mjini watu walisema litaanguka. Warumi walikuwa wamekwisha kuijua kazi hiyo kwa chokaa iliyochanganywa na majivu ya volkano, udongo wa jamaa moja na ule uliotapikwa zamani na mlima wetu Hanang. Kuba lao la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43, lina umri wa miaka 1,900 hivi na bado limesimama.

Steere alipewa uaskofu mwaka 1874, lakini aliendelea kuisimamia kazi ya ujenzi yeye mwenyewe, huku akitafsiri Maandiko. Mwaka 1876 aliwapeleka baadhi ya watumwa waliokombolewa bara, wakaanzisha kijiji Masasi. Husimuliwa kwamba safari moja alipokuwa hayupo, mafundi walisimamisha nguzo za upande wa magharibi kichwa chini, miguu juu. Hazikubomolewa. Mwalimu yeyote aliyewahi kurudi darasani akakuta kazi imefanywa kinyume anajua moyo wake ulivyokuwa siku ile!

Ibada ya kwanza ilifanyika humo Krismasi ya mwaka 1877. Askofu alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare, hatua chache kutoka mahali pa ule mti wa viboko.

Atakayejaliwa kufika Unguja na aingie kwa upande wa magharibi, azitazame kwanza zile nguzo zilizopinduliwa, kisha ainue macho aone paa.