Sewahaji na wosia wake

Wenye maduka Kariakoo hulijua jina la Sewahaji kama jengo la wagonjwa pale Muhimbili. Kumbe alikuwa mfanyabiashara mwenzao. Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851, alikuwa na biashara Bagamoyo, akiipatia bidhaa na wapagazi misafara iliyokwenda bara kufuata pembe za ndovu. Hata Stanley alikuwa mteja wake.

Alifariki mwaka 1897, hajafika miaka 50. Majumba na ardhi aliviachia serikali ya Wajerumani kwa masharti: mapato yalishe wagonjwa wa hospitali yake Dar es Salaam na kuwatunza wenye ukoma. Hapo ndipo palipo na akili: hakutaja mali tu, alitaja na kazi yake. Hospitali ya Muhimbili ilipofunguliwa mwaka 1956, jina lake lilihamia huko.