Seyyid Said bin Sultan na Mpaka wa Ufuoni

Mishomoroni, katika upande wa Kisauni, iko ng'ambo ya maji kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Bara hiyo watawala wa kisiwa waliihitaji na kuihofu kwa karne kadhaa, pasipo kuitawala sawasawa. Wareno waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593 hawakuivamia. Walijenga vingome vidogo Makupa, kwenye kivuko cha kuingilia kisiwani, na kila mara wakawapa nguo wazee wa Mijikenda ili amani idumu. Waomani walipoitwaa Ngome mwaka 1698 waliikuta desturi hiyo, nao hawakuona sababu ya kuivunja. Hata hivyo, yuko mtawala mmoja wa Kiomani aliyekuwa na merikebu, fedha na umri mrefu wa kumwezesha kupiga hatua zaidi ya hapo, naye ni Seyyid Said bin Sultan Al-Busaidi. Alitawala kwa miaka hamsini, pwani yote kutoka Mogadishu hadi Rasi Delgado ikimtambua kwa namna moja au nyingine, lakini bara hakuiteka. Jambo hili halielezeki kwa neno moja la udhaifu, na kulielewa kwataka maisha yake yatazamwe tangu mwanzo.

Seyyid Said alizaliwa Oman mwaka 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804 katika mapigano na Waqawasim, na mamlaka yakaangukia mikononi mwa jamaa yao, Badr bin Saif, aliyejitia kuwa mlezi wa vijana. Mwaka 1806 Said, akiwa kijana wa takriban miaka kumi na mitano, alimuua Badr kwa jambia, na shangazi yake, Bibi Moza bint Ahmad, hakuwa mbali na shauri hilo. Huo ndio mlango alioingilia. Katika miaka iliyofuata alipambana na Waqawasim baharini na Mawahabi wa Najd barani, mara nyingi akiwanunua wale asioweza kuwashinda. Ni vyema ikumbukwe kwamba mtawala wa Maskati hakuwa mfalme wa kila bonde la Oman. Nguvu yake ilikuwa bandarini, katika ushuru. Milima na majangwa yalikuwa ya makabila na masheikh wao. Kijana huyu alijifunza mapema kuwa dola yaweza kusimama kwa forodha iliyo imara, hata kama nyuma yake kuna nchi isiyotii.

Somo la pili alilipata Mombasa, na lilimgharimu zaidi. Mji ulikuwa chini ya Mazrui, ambao hapo awali walikuwa maliwali wa Oman lakini kwa muda mrefu walikuwa wamejitenga. Mwaka 1824 walimkaribisha Kapteni Owen wa manowari za Uingereza ili bendera yake iwakinge, lakini kinga hiyo iliondolewa mwaka 1826. Said akaja mwenyewe mwaka 1828. Aliingia Ngomeni kwa mapatano, akaacha askari, akaelekea Unguja. Baada ya muda si mrefu askari hao wakazingirwa hadi wakasalimu amri. Alirudi mwaka 1829 akashindwa, na mwaka 1833 akashindwa tena. Muyaka bin Haji, mshairi mashuhuri wa Mombasa, aliishi katika vita hivyo na kalamu yake ilikuwa upande wa Mazrui. Mwaka huo wa 1833 Said alifikia hatua ya kutuma ujumbe Madagascar kumposa Malkia Ranavalona na kumwomba askari 2,000. Askari hawakuja, wala bibi harusi.

Mombasa ilianguka mwaka 1837, nayo haikuanguka kwa mizinga. Mazrui walikuwa wamegombana wao kwa wao juu ya urithi wa uliwali, na masheikh wa Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, walikuwa wamechoshwa nao. Said alizungumza, akaahidi, akatoa. Liwali Rashid bin Salim akaiachia Ngome. Yaliyofuata hayampambi Said: wakuu wa Mazrui walikamatwa kwa hila, wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi. Waliosalimika wakahamia Takaungu na Gazi. Hata hivyo, kwa upande wa utawala, tukio hilo lilimthibitishia jambo ambalo mabomu ya miaka tisa hayakumthibitishia, kwamba mji hutwaliwa na wenyeji wake na wenyeji hao huwa na bei yao. Kisiwa kidogo kilikuwa kimemla miaka tisa. Je, bara isiyo na mwisho ingemla miaka mingapi?

Swali kama hilo liliwahi kumkabili mtu mwingine, katika zama za mbali sana. Mfalme Trajan wa Roma alivuka mto Frati na kuiteka nchi ya Mesopotamia. Hadrian, aliyemrithi mwaka 117, aliyarudisha mengi ya maeneo hayo, na mwaka 122 akaamuru ukuta ujengwe kaskazini mwa Uingereza, urefu wa kilomita 117 hivi, kutoka bahari hadi bahari. Wengi hudhani ukuta ule ulikuwa wa kuzuia tu. Lakini ulikuwa na malango mengi, na lango lililindwa ili watu na bidhaa vipite mahali palipojulikana, mbele ya macho ya askari. Roma ilikuwa imepiga hesabu kwamba nchi iliyo mbele ingegharimu majeshi kuliko ambavyo ingelipa kodi. Wako waliohesabu vingine: mwaka 1820 Muhammad Ali wa Misri alituma jeshi kuiteka Sudan. Yeye, hata hivyo, alikuwa na jeshi la nchi kavu na mto wa kumpeleka. Said alikuwa na merikebu na askari wachache wa Kibulushi.

Kwa hiyo alijenga malango. Makao yake yakahamia Unguja hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 1840 alikuwa mkazi wa huko. Aliwalazimisha wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Forodha aliikodisha kwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wenye asili ya Kutch, ambao walimlipa kiasi kilichokubaliwa kila mwaka na kutafuta faida yao wenyewe. Hivyo hakuhitaji hata makarani. Mwaka 1833 alitia saini mkataba na Marekani uliokadiria ushuru wa asilimia 5, mwaka 1839 na Uingereza, na mwaka 1844 na Ufaransa. Katika mkataba wa 1839 mna kifungu ambacho wasomaji wengi hukipita haraka: biashara ya pembe na sandarusi katika Mrima, baina ya Mtang'ata na Kilwa, ilizuiliwa kwa wageni. Hapo ndipo palipokuwa ukuta wake halisi, nao uliwakabili watu wa baharini badala ya watu wa bara. Mgeni alitakiwa anunue Unguja, baada ya forodha.

Upande wa bara aliuacha wazi. Misafara ya watu wa pwani na ya Wanyamwezi ilipita hadi Unyanyembe na Ujiji, ikilipa hongo kwa kila mtemi iliyekutana naye njiani. Neno hilo siku hizi limechafuka, lakini wakati ule hongo ilikuwa ada ya kupita katika nchi ya mtu, na kuilipa kulikuwa kukiri kuwa nchi ina mwenyewe. Katika Mrima ya kaskazini majumbe walitazama kwa Said na kwa Kimweri ye Nyumbai wa Usambara kwa pamoja, na Unguja kwenyewe Mwinyi Mkuu aliendelea kuheshimiwa na Wahadimu. Huko Mombasa, Mijikenda walibaki na kaya zao na wazee wao, wakifanya biashara ya pembe, nafaka na sandarusi kwa kupitia marafiki zao wa Taifa Kumi na Mbili.

Namna mpaka huo ulivyokuwa yaonekana katika safari ya Johann Ludwig Krapf. Mmishenari huyu alifika Unguja mwaka 1844, na Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali. Mombasa barua ilimfungulia milango. Mkewe, Rosine, alifariki mwaka huo huo pamoja na mtoto wao mchanga, akazikwa upande wa Kisauni, kuikabili Mombasa. Miaka miwili baadaye Krapf alipotaka kukaa Rabai, ilimbidi akubaliwe na wazee wa Rabai, na mwaka 1848 Usambara alimwendea Kimweri mwenyewe. Barua ya Said ilikuwa na nguvu hadi pale harufu ya chumvi ilipokoma.

Mahali pamoja alijisahau. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulikataa kumtii chini ya Bwana Mataka, na mwaka 1845 alituma jeshi kuutiisha kwa nguvu. Jeshi lilivunjwa na amiri wake, Hammad bin Ahmad, akauawa. Siyu haikuwa bara, ilikuwa kisiwani, mahali ambapo merikebu zilifika. Kama hapo alishindwa, hapana haja ya kubuni kingine kinachoeleza kwa nini hakupanda Ukambani.

Lakini isidhaniwe kwamba mpaka uliotulia ulikuwa mpaka wa amani. Malango yale yalipitisha pembe, na yalipitisha watu. Mikarafuu ilipandwa na kuchumwa na watumwa waliotoka bara ambayo Said hakuitawala, na kwa kuwa hakuitawala, hakuulizwa walivyopatikana. Mkataba wa 1822 ulikataza kuwauza kwa Wakristo, na ule wa 1845 ukakataza kuwapeleka Arabuni kutoka milki yake ya Afrika. Yote miwili ilitokana na shinikizo la Uingereza, na hakuna uliogusa mashamba ya Unguja na Pemba. Mtawala aliyechukua ushuru pasipo kuchukua dhamana alipata faida nono, na gharama ikalipwa na vijiji vya mbali. Hesabu hiyo haina budi kuwekwa kando ya sifa zake za busara.

Mwaka 1854 alirudi Oman kushughulikia mgogoro wake na Waajemi. Katika safari ya kurejea Unguja alifariki ndani ya merikebu yake Victoria, mwezi Oktoba 1856, karibu na Ushelisheli, akaletwa kuzikwa Unguja. Wanawe waligawanyika, Thuwaini Maskati na Majid Unguja, na mwaka 1861 uamuzi wa Waingereza ukazitenga dola hizo mbili, Unguja ikitakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani waliuliza milki ya Unguja yaishia wapi. Dola iliyoishi kwa malango haikuwa na mstari wa kuonyesha, nao wakaichorea: maili kumi za baharini kutoka ufuoni kuingia bara, tangu Tungi hadi Kipini. Kisauni yote ikawa ndani. Sehemu ya kaskazini ya ukanda huo ilikodishwa kwa Uingereza mwaka 1895, na mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Mwambao. Waliokuwa na karatasi au mashahidi waliokubalika waliandikishwa. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai mbele ya msajili ikawa ya Serikali ya Kiingereza, hata pale palipokuwa na watu wakilima. Oktoba 1963 Sultani Jamshid aliuachilia ukanda huo uwe sehemu ya Kenya, kwa masharti yaliyojumuisha kuheshimiwa kwa hati zilizokwisha kusajiliwa.