Mzee Jack na barua za watoto



Wengi wenu mmeiona Narnia kwenye filamu: lile kabati la nguo, theluji upande wa pili, na yule simba mkubwa, Aslan. Wachache mmesoma vitabu vyenyewe. Viko saba, na vilitoka kimoja kila mwaka kuanzia 1950 hadi 1956. Leo sisimulii Narnia. Nataka tumtazame mzee aliyeiandika, tena si pale alipokuwa akitunga hadithi, bali pale alipokaa kujibu barua.

Clive Staples Lewis alizaliwa Belfast, Ireland, mwaka 1898. Akiwa bado mtoto mdogo aliamua kwamba jina lake ni Jack, na ndugu na marafiki wakamwita hivyo mpaka mwisho. Mama yake alifariki kwa saratani mwaka 1908, Jack akiwa na miaka tisa. Alikuwa amesali sana mama apone, na mama hakupona. Hapo hapo akapelekwa shule ya bweni Uingereza, na alipofika ujana imani ilikuwa imeshamtoka kabisa. Akapigana Vita Kuu ya Kwanza, akajeruhiwa Ufaransa mwaka 1918, kisha akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford. Alimrudia Mungu kwa kusuasua. Alianza kwa kukubali tu kwamba Mungu yupo. Kisha usiku mmoja wa Septemba 1931 akatembea na kuzungumza mpaka alfajiri inakaribia na marafiki wawili, mmoja wao akiwa Tolkien, Mkatoliki wa kweli kweli. Siku chache baadaye akaamini kwamba Yesu Kristo ni Mwana wa Mungu.

Najua kuna atakayeuliza, Frateri, huyu alikuwa Mkatoliki? Hapana. Alibaki Mwanglikana mpaka kufa, na jambo hilo lilimsikitisha Tolkien. Nalisema mapema ili tusije tukamweka kwenye litania. Lakini subirini, kuna mtakatifu wetu anakuja kwenye habari hii.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alizungumza juu ya imani kwenye redio ya BBC, na hapo ndipo barua zikaanza kumiminika. Narnia ilipotoka wakaongezeka watoto, wa Uingereza na wa Marekani. Na jamani, kazi hii hakuipenda. Katika kitabu cha maisha yake alichotoa mwaka 1955 alisema wazi kwamba mtu mwenye furaha ni yule asiyepata barua nyingi wala haogopi mtu wa posta akigonga mlango. Msimu wa Noeli ulikuwa mateso kwake. Mkono wake wa kulia ulisumbuliwa na baridi yabisi, na aliandika kwa kalamu ya kuchovya kwenye wino. Kaka yake Warnie, waliyeishi naye nyumba moja, alimsaidia kupiga taipu kwa vidole viwili. Bado asubuhi baada ya asubuhi alikaa na kumjibu kila mtu, kwa kuwa aliona ni wajibu wake mbele ya Mungu. Sisi meseji ya mtu mwenye shida tunaiona, tunaiacha na tiki zake mbili za bluu. Basi, niendelee.

Barua zake kwa watoto hazina ule utamu bandia wa wakubwa wanaojishusha. Wakimtumia picha za Aslan walizochora, alizitazama na kutoa maoni, pamoja na kasoro. Msichana mmoja aliyetaka kuwa mwandishi alipewa somo zima: usimwambie msomaji kwamba jambo linatisha, lieleze mpaka aogope mwenyewe. Mtoto mwingine aliuliza Aslan ana jina gani katika dunia yetu. Lewis hakumtajia. Akamrudishia maswali: ni nani aliyekuja wakati wa Noeli, akasema ni mwana wa Mfalme Mkuu, akajitoa afe kwa kosa la mwingine, kisha akafufuka? Alitaka mtoto afike mwenyewe.

Barua ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1955. Mama mmoja wa Marekani alimwandikia kwa hofu. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa akihangaika moyoni, anaona kama anampenda Aslan kuliko Yesu, na anaogopa kwamba anaabudu sanamu. Jibu lilifika baada ya siku kumi tu. Lewis alieleza kwamba mtoto huyo hawezi kumpenda Aslan kuliko Yesu, hata kama anajisikia hivyo, kwa sababu yale anayoyapenda kwa Aslan ni yale yale aliyoyatenda na kuyasema Yesu. Kwa hiyo anapodhani anampenda simba, kwa kweli anampenda Bwana, pengine kuliko zamani. Na kama ni umbo la simba linalomvutia, Mungu anajua akili ya mtoto inavyofanya kazi, maana ndiye aliyeiumba. Halafu akapendekeza mtoto asali hivi na hivi, na mwisho wa sala amwombee Bwana Lewis pia: kama vitabu vyake vimewasumbua watoto wengine, Mungu amsamehe na amsaidie asirudie. Profesa mzima, anaomba sala ya mtoto wa miaka tisa! Nikiisoma hapo huwa naifunga kwanza.

Sasa mtakatifu wetu. Mwaka 1947 Padre Giovanni Calabria wa Verona, Italia, aliyekuwa akilea yatima, alisoma kitabu kimoja cha Lewis kwa Kiitaliano akatamani kumwandikia. Kiingereza hakujua. Akaandika kwa Kilatini, na Lewis akamjibu kwa Kilatini! Waliandikiana kwa miaka, hasa juu ya umoja wa Wakristo, na kuombeana, mpaka padre alipofariki Desemba 1954. Hawakuwahi kuonana. Barua za padre karibu zote hatunazo, kwa sababu Lewis alikuwa na desturi ya kuharibu barua alizopokea ili siri za watu zisije zikachokonolewa baadaye. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Giovanni Calabria kuwa mtakatifu.

Hata mke wake, Joy, Mmarekani, alianza kama msomaji aliyemwandikia barua. Alifariki kwa saratani mwaka 1960, ugonjwa ule ule wa mama.

Julai 1963 Lewis mwenyewe alizidiwa, akapoteza fahamu, akapata nafuu kidogo, akaacha kazi ya ualimu. Barua hakuziacha. Tarehe 21 Novemba alimjibu mvulana mmoja. Alianza kwa kumpongeza kwa barua nzuri ambayo yeye mwenyewe katika umri ule asingeweza kuiandika, kisha akamwambia jambo lililomshangaza: watoto wote wanaomwandikia wanamtambua Aslan mara moja, ila watu wazima hawamtambui.

Kesho yake saa kumi jioni Warnie alimpelekea chai. Saa kumi na moja na nusu akasikia kishindo chumbani kwa mdogo wake.