John Flynn: Mchungaji Aliyepeleka Daktari Jangwani

Najua wengine wenu mmesafiri usiku kucha na kupanga foleni mpakani ili mfike kwenye sherehe hii. Umbali mnaujua. Basi hebu nikusimulie habari za mtumishi mmoja aliyepigana na umbali maisha yake yote. Alishinda pakubwa. Lakini kuna mahali alipokosea, na hapo napo hatutaruka.

John Flynn alizaliwa tarehe 25 Novemba 1880 huko Moliagul, kijiji cha wachimba dhahabu katika jimbo la Victoria, Australia. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Mama yake alifariki John akiwa bado mdogo. Alipokua alifundisha kwanza, kisha akasomea uchungaji katika Kanisa la Presbiteri, akawekewa mikono mwaka 1911. Kazi yake ikawa Beltana, ukingoni mwa jangwa.

Ndugu yangu, usidhani jangwa lile lilikuwa tupu. Wenyeji wa asili, Waaborijini, walikuwa wameishi humo maelfu na maelfu ya miaka, wakijua kila kisima na kila mlima. Wazungu walikuja juzijuzi tu. Mwaka 1862 John McDouall Stuart alivuka bara lile kutoka kusini mpaka kaskazini, na mwaka 1872 waya wa simu ya maandishi ukakamilika kufuata karibu njia yake. Nyuma ya waya wakaja wafugaji wa ng'ombe na wachimba madini. Kutoka boma moja hadi jingine ilikuwa mwendo wa siku nyingi. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa, au mtu akianguka toka kwenye farasi, basi tena. Madaktari walikuwa wawili tu kwa eneo la karibu kilomita za mraba milioni 2. Hiyo ni kama Tanzania mbili!

Flynn aliyaona hayo, mzigo ukamwingia. Mwaka 1912 alipeleka taarifa kwenye mkutano mkuu wa kanisa lake. Kanisa likaanzisha misheni ya bara la ndani na kumweka yeye awe mkuu wake. Akatuma wachungaji waliosafiri kwa ngamia toka boma hadi boma, akajenga vituo vya wauguzi sehemu za mbali. Lakini muuguzi peke yake hatoshi pale anapotakiwa daktari.

Mwaka 1917 kijana mchunga ng'ombe, Jimmy Darcy, alianguka na farasi akaumia vibaya tumboni. Wenzake walimbeba kwa gari la farasi mpaka Halls Creek. Daktari hakuwepo. Aliyekuwepo ni Tuckett, mkuu wa posta. Basi daktari aliyeko Perth akawa anatuma maelekezo kwa simu ya maandishi, na Tuckett akampasua mgonjwa kwa kisu cha mfukoni! Daktari mwenyewe akafunga safari, kwa meli, kwa gari, kwa farasi, zaidi ya wiki nzima. Alipofika akakuta Darcy amefariki jana yake.

Mwaka huohuo Flynn alipata barua kutoka kwa Clifford Peel, mwanafunzi wa udaktari aliyejiunga na jeshi la anga. Peel alimweleza jinsi ndege zingeweza kumpeleka daktari jangwani, akapiga na hesabu ya gharama. Mwaka 1918 kijana huyo alikufa vitani Ufaransa, asione hata ndege moja ya huduma ile. Flynn aliichapisha barua katika gazeti la misheni, akaanza kuomba michango. Miaka 10, mpendwa! Wengine walimwona anaota ndoto za mchana.

Tarehe 17 Mei 1928 ndege iliyokodishwa kwa kampuni ya Qantas iliruka kutoka Cloncurry ikiwa na daktari ndani. Mwaka wa kwanza iliruka safari 50 na wagonjwa 225 wakatibiwa. Kwetu nako huduma ya madaktari wa ndege ilianza Nairobi mwaka 1957.

Lakini mtu wa porini angemwitaje daktari? Fundi wa umeme, Alfred Traeger, alitengeneza redio isiyohitaji umeme wa mji. Unaikanyaga kwa miguu kama cherehani, inatoa umeme wake yenyewe. Ilianza kufungwa mabomani mwaka 1929. Akina mama waliokuwa hawasikii sauti ya jirani miezi mingi wakaanza kupata habari za wenzao.

Sasa sikia upande wa pili. Flynn aliwabeba moyoni hasa walowezi wazungu. Waaborijini, wenye nchi, hawakuwa shabaha ya misheni yake, ingawa wako wauguzi waliowatibu. Daktari Charles Duguid, wa kanisa lake hilohilo, alimlaumu waziwazi. Mtu aliyeona umbali wa kilomita elfu hakumwona vizuri aliyesimama karibu naye.

Flynn alifariki Sydney tarehe 5 Mei 1951, majivu yake yakazikwa karibu na Alice Springs. Juu ya kaburi wakaweka jiwe kubwa lililotolewa Karlu Karlu, karibu kilomita 400 kaskazini. Mahali pale ni patakatifu kwa wenyeji, na hawakuombwa ruhusa. Walidai jiwe lao miaka mingi. Mwaka 1999 likarudishwa, na Waarrernte, wenyeji wa Alice Springs, wakatoa jiwe jingine kutoka ardhi yao ili kaburi lisibaki wazi. Jamani, waliosahauliwa ndio waliomfunika!

Leo sura ya Flynn iko kwenye noti ya dola 20 ya Australia. Lakini mimi nakuuliza wewe unayesoma: ushirika wetu umevuka mipaka ya nchi, tumshukuru Mungu. Je, mchungaji wa mifugo anayepita nyuma ya kanisa lako, au mkimbizi wa kambi ya jirani, naye yumo katika hesabu yako? Yule Msamaria hakuuliza kabila la majeruhi. Safari ya mbali inaanzia kwa mtu wa karibu. Kabla hatujapanga mkutano mwingine ng'ambo ya mpaka, tumtafute huyo kwanza.